Kadi Isiyo na Kibandiko

Inoke alifungua kibanda cha pampu mapema, akafukuza mijusi kwa fagio, kisha akabonyeza kitufe cha kijani. Mota ikanguruma. Akasimama akisikiliza maji yakipanda kwenye bomba na, kama kila asubuhi ya majuma yale machache, akajikuta anatabasamu peke yake. Kijiji chake, Nabukadogo, kilikuwa na maji.

Yalikuwa yamekatika tangu Machi. Mjusi aliingia ndani ya sanduku linaloiongoza mota, akakanyaga pasipokanyagwa, akaungua yeye pamoja na kadi ya saketi inayopokea amri ya kitufe na kuifikisha kwenye mota. Kadi yenyewe haizidi kiganja cha mkono. Idara ya maji, kule mjini Labasa, ikamwandikia wakala wa masanduku hayo kule Australia. Wakala akajibu kwamba kadi hiyo haitengenezwi tena, nunueni sanduku zima. Sanduku zima lilitaka zabuni, zabuni ikataka kamati, na kamati haikuwa na posho ya kikao. Huku nyuma wanawake wa Nabukadogo wakawa wanateka maji mtoni, chini ya pale wanaponywea ng'ombe, katika nchi inayouza maji yake kwenye chupa kwa matajiri wa ng'ambo. Wenye kustahili kuona aibu hawakuiona, maana nyumbani kwao maji yanatoka.

Inoke hakuwa fundi wa kujisifia. Alichojua ni kwamba kiwanda cha mbao kilichofungwa, kwenye barabara ya mji wa Savusavu, kilikuwa na masanduku ya aina ileile yakiozea ghalani, na kwamba mlinzi wa hapo ni binamu yake. Akaomba kadi, akapewa, akaichomeka mahali pa ile iliyoungua huku amefumba jicho moja kwa hofu. Ikakubali. Baada ya hapo mkewe Salaseini akajifungua, na mtoto akaogeshwa maji ya bomba. Kwa Inoke hilo peke yake lilitosha.

Chai ya majani ya mlimau ilikuwa bado inafuka moshi kikombeni gari la Idara lilipoingia kijijini. Akashuka Rusiate, ofisa ukaguzi, tumbo mbele.

"Nyie wala panya, bado mpo?" akapaza sauti. "Mimi nimekuja na jeneza."

"Lala humo mwenyewe," Inoke akamjibu. "Ila kwa tumbo hilo itabidi tukuzike vipande viwili."

Wanawake waliokuwa wakifua bombani wakaangua kicheko. Watu wa kijiji cha Rusiate, kule visiwa vya Lau, na wa Nabukadogo walikuwa watani tangu enzi za mizimu. Mtani hukamata kuku wako huku unamtazama, na akiomba shati, unavua. Mwaka uliopita Rusiate aliondoka na nguruwe wa Inoke, na Inoke mwenyewe ndiye aliyemsaidia kumfunga kamba. Hakuna aliyekumbuka mtani kumwambia mwenzake hapana.

Wakaingia kibandani. Rusiate akafungua sanduku, akamulika kwa simu, na uso ukambadilika.

"Hii kadi imetoka wapi?"

"Imeshuka kutoka mbinguni. Nyie mngeileta lini?"

"Inoke, sitanii."

"Basi unaumwa."

"Haina kibandiko cha Idara. Kifaa kisicho na kibandiko hakiruhusiwi kukaa humu. Bosi ameona mita inasoma, ameniuliza pampu mbovu inavutaje umeme. Anataka picha ya sanduku likiwa tupu, leo. Nisipompelekea, kazi sina. Na nyie mtafutwa kwenye orodha ya sanduku jipya."

"Sanduku jipya linakuja lini?"

Rusiate akatazama sakafu. "Zabuni haijatangazwa."

"Kwa hiyo tukae na kiu ili tusifutwe kwenye orodha ya watakaokuja kunywa."

"Sheria sikuitunga mimi, ndugu yangu."

"Lakini bisibisi umeishika wewe."

Rusiate akazima mota, akaichomoa kadi. Tangi la kijiji lilipinduliwa na kimbunga na halikurudishwa, kwa hiyo mota ikinyamaza bomba nalo hukauka palepale. Kelele za kufua zikakatika. Salaseini akatokea mlangoni amembeba mtoto, mkono mmoja umejaa povu la sabuni.

"Mbona yamekatika?" akauliza. Akaona kadi mkononi mwa Rusiate, akaelewa.

Rusiate akapiga picha ya sanduku tupu, akatia kadi mfukoni, akataka kutoka. Inoke akasimama mlangoni. Alikuwa na hasira, lakini sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mtani," akasema, "naiomba hiyo kadi."

Rusiate akaganda. Alijua ameombwa nini, na kwa haki gani. Akavua saa ya mkononi, akamnyooshea. Inoke hakuipokea. Rusiate akavua viatu, vipya vya ngozi, akavisogeza kwa mguu.

"Chukua. Chukua hata shati. Kule garini kuna kuku wawili wa mama yangu, wachukue."

"Nimeomba kadi."

"Kadi si yangu, Inoke."

"Wala si ya Idara. Ni ya kiwanda kilichokufa."

"Ikishaingia mfukoni mwangu nikiwa kazini, ni ya Idara." Akaushika mfuko wake. "Nina watoto, Inoke. Unataka nifanye nini?"

Inoke akampisha.

Rusiate akavaa viatu, akapita kati ya wanawake na ndoo zao tupu mpaka kwenye gari. Pale akageuka. Watani hawaagani bila matusi.

"Haya, nitukaneni niondoke," akasema, akijaribu kucheka. "Wala panya wakubwa nyie."

Inoke akafunga kifungo cha juu cha shati lake. Akamwendea, akampa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko, akainamisha kichwa kama anayemuaga mgeni mkubwa kutoka mbali.

"Ahsante sana kwa kututembelea, Bwana Ofisa," akasema. "Safari njema."

Nyuma yake Salaseini akachuchumaa, na wanawake wote wakachuchumaa naye, macho chini, wakapiga makofi mazito ya taratibu wanayopigiwa wakubwa wasiojulikana.

"Safari njema, Bwana Ofisa."

Rusiate akasimama ameshika mlango wa gari, akisubiri hata tusi moja dogo. Hakupewa.