Nipe Mji

Mwantumu anasinzia saa nane mchana, kichwa kimeegemea kioo cha gari, mdogo wake Zaituni akiendesha kwenye barabara inayozunguka juu ya korongo na kurudi pale pale ilipoanzia. Wametoka kutazama nyumba za mawe ambazo Wapueblo wa kale, wenyeji wa asili wa nchi hii, walizijenga ndani ya mapango ya majabali, miaka mia nane iliyopita. Juzi Zaituni alimpeleka kwenye jangwa la mchanga mweupe, jana ziwani, kana kwamba anajua kuwa wakikaa nyumbani dada yake atafungua kinywa. Maana Mwantumu hakuja Marekani kutembea. Ametumwa na ukoo. Mama yao kule Lushoto hainuki tena kitandani, kila asubuhi anauliza Zaituni amefika wapi, na Zaituni hajakanyaga nyumbani miaka kumi na mitatu kwa sababu karatasi zake za ukaazi hazijakamilika; akitoka, harudi. Siku nne zimebaki na bado hajamtamkia alichotumwa: arudi nyumbani. Kope zinashuka, gari linakata kona, linakata nyingine, na Mwantumu anapofumbua macho gari limesimama na kiti cha dereva ni kitupu.

Anashuka. Anaita Zaituni, na korongo linamrudishia jina likiwa limepungua, tuni, ni. Ngazi ya mawe inateremka kwenye jabali naye anaifuata, maana njia nyingine haipo, na chini anakuta mji mzima umejibanza ndani ya pango, kuta zenye rangi ya mkate, vidirisha vya kupitisha kichwa tu, mnara wa mraba upande wa kulia. Mlangoni amesimama kiongozi wa wageni, kofia pana, sare iliyopigwa pasi, na chini ya kofia hakuna uso, ni ngozi laini tu kama kiganja. Ajabu ni kwamba Mwantumu haogopi. Anamwamkia, anamuuliza kama amemwona mdogo wake, anamuuliza njia ya kurudi barabarani. Kiongozi anasema, Kitendawili. Na ulimi wa Mwantumu, uliofundisha darasa la tatu miaka thelathini, unajibu kabla hajauzuia, Tega.

Natembea mchana kutwa, nikifika nipo nilipoondokea.

Anasema saa. Anasema, basi jua. Kiongozi anatikisa kofia. Umeshindwa, mwalimu, nipe mji. Ndivyo mchezo ulivyo, asiyejua hutoa mji ndipo apewe jibu, na watoto hugawa miji mikubwa mikubwa kama karanga, kwa hiyo naye anatoa Mombasa, mahali alipopita mara mbili tu maishani. Jibu ni wewe, anaambiwa, na anaonyeshwa kijia nyuma ya mnara. Hajapiga hatua kumi anahisi pengo. Jina la Mombasa analo, lakini nyuma ya jina hakuna kitu, hakuna kivuko, hakuna mtaa, hakuna harufu, ni kama bahasha iliyotolewa barua. Kijia kinapanda, kinapinda, kinashuka, kinamtua kwenye mji ule ule, ila umegeuka kama unavyogeuka kwenye kioo, mnara sasa uko kushoto. Kiongozi yupo, huyu au mwenzake, nani atajua. Mwantumu anataka kupita bila kusema naye, lakini kila uchochoro anaouingia unamtoa mbele ya kofia ile ile, mara tatu, mara nne, mpaka anachoka na kusema mwenyewe, Tega.

Nyumba yangu mlango wake paani, azikwaye hushuka, aotaye hupanda.

Jibu analiona miguuni pake: chumba cha mviringo kilichochimbwa ardhini, ngazi ya miti imetokeza kwenye tundu la paa. Asubuhi Zaituni alimsomea kijitabu, kwamba humo ndimo watu hawa walimofanyia ibada. Anasema, Ni chumba hiki. Kiongozi anasema, Umetaja unachokiona, jibu ni ardhi, nipe mji. Anamsihi. Anamwambia ana mgonjwa nyumbani, amwachie. Mwanga wa pango haubadiliki, hauongezeki wala haupungui, mpaka Mwantumu anatambua kuwa hapa mtu anaweza kusimama milele na saa isifike tisa. Anatoa Tanga. Na Tanga ndiko alikoolewa, ndiko alikomzika mumewe Mbaruku. Neno likishamtoka anamtafuta Mbaruku kichwani na kuona shati tu, shati la bluu limening'inia, halina mtu ndani.

Sasa hofu inamshika. Anakimbia kuirudia ngazi ya mawe, anapanda, na juu ya ngazi anakuta pango, kuta zenye rangi ya mkate, mnara. Anaketi chini. Hapo anasikia kikohozi kutoka ndani ya chumba cha mviringo, kikohozi anachokijua tangu utotoni, na anaishuka ngazi ya miti bila kufikiri. Mwanamke ameketi kando ya jiko, anapukuchua mahindi, kichwa kimefunikwa kwa kanga, hana uso, na sauti yake ni ya mama yao. Juu, ngazi inavutwa.

Ninaye, simwoni, nikimwita, anajibu kesho.

Mwantumu analijua jibu. Anauliza, Nikilitaja itakuwaje? Mwanamke anasema aliyetajwa atakuja kukaa humu, nawe utapanda. Basi ni jina moja tu, lile lile alilovuka bahari kuja kuliita, na ukoo mzima ungemshukuru. Analiweka mdomoni. Kisha kichwani mwake anamwona Zaituni ameketi pale majivuni, ameinua uso kulitazama tundu lisilo na ngazi, mwaka baada ya mwaka.

Sijui, Mama, anasema. Hajawahi kuidanganya sauti ile. Chukua Lushoto.

Vidole vinaacha kupukuchua. Hukuwa na mji mwingine? anauliza mwanamke. Sikuwa na mwingine. Ngazi inashuka, na Mwantumu anapanda.

Jua linampiga Mwantumu machoni. Gari linakwenda, mkanda umemkata bega, Zaituni yuko kwenye usukani na anaongea, inaelekea ameongea muda mrefu akidhani anasikilizwa. Anasema anajua dada yake amefuata nini, amelijua tangu uwanja wa ndege. Anasema ameacha kazi leo asubuhi, amekata tiketi, watapanda ndege moja, na karatasi zibaki na wenyewe. Machozi yanamtoka na hayafuti. Mama ataniona, anasema. Nitafika Lushoto, Dada.

Mwantumu anamshika mkono, anataka kufurahi. Anaisikia Lushoto ikipita masikioni kama jina la kituo cha mtu mwingine. Anatafuta nyumba, anatafuta kilima, anatafuta mlango wa chumba cha mgonjwa. Anajiambia ni usingizi, utamtoka, au ndiyo kwanza ameuingia.

Nieleze kukoje, anasema.

Zaituni anacheka katikati ya kulia, anadhani ni mzaha, lakini anaeleza, kuhusu baridi ya asubuhi na ukungu na ua wa nyumba yao, na barabara inakata kona, inakata nyingine, na Mwantumu anasikiliza kwa makini, kama mgeni.