Maneno ya Mwisho ya Mzee Manasseh

Nyamusi hakutulia asubuhi hiyo. Aliketi, akainuka, akaketi tena, wasifu wa marehemu babake, Mzee Manasseh, ukiloa jasho mkononi. Hema zilishajaa, kwaya ilishaimba mara mbili, na kaburi lilikuwa wazi kando ya migomba. Kijiji kizima cha Itumbe kilikuwa tayari isipokuwa yeye aliyetakiwa kusoma.

Na shida yenyewe alijitakia, usimwonee huruma bado. Aya ya mwisho aliiandika mwenyewe: "Nilikuwa nimemshika mkono. Akaniambia, Mokua nimemsamehe." Maneno matamu, ila hakuna hata moja lililosemwa. Mzee alipokata roho, Nyamusi alikuwa kwenye foleni ya kupima majani chai. Alirudi jioni akamkuta baridi. Watu walipouliza mzee alisema nini, angejibu vipi? Kwamba binti aliyemuuguza miaka mitatu alimwacha afe peke yake? Aibu ilimkaba, uongo ukamtoka.

Basi uongo huo ukaota miguu. Mokua, kaka yake, alikuwa hajazungumza na babake miaka sita, tangu wagombane kuhusu shamba. Na katika ukoo wao, kifungua mimba aliyekosana na babake hagusi udongo wa kaburi lake mpaka awe amesamehewa. Baba mdogo Ochoki alikuwa amekataa katakata, hadi aliposikia habari ya Nyamusi. Sasa Mokua ndiye angetupa udongo wa kwanza.

Nyamusi alimvuta kaka yake nyuma ya jikoni.

"Mokua, siwezi kusoma. Sikuwepo. Baba hakuniambia kitu."

Mokua alitazama viatu vyake. "Najua."

"Unajua nini?"

"Si nilikupigia simu siku ile, saa tisa? Nilitaka umpe baba nimwombe msamaha. Ukaniambia amelala. Lakini nilisikia karani akiita watu kwenye mizani."

Loo! Nyamusi alikumbuka. Alikuwa ameona haya kusema amemwacha mgonjwa peke yake, akaikata simu haraka asipoteze nafasi yake kwenye foleni.

"Mbona ulinyamaza, kaka?"

"Ungekuwa mimi, ungesema?"

Mchungaji akamwita. Nyamusi alisoma vibaya, akaruka mistari, akarudia mingine. Alipofika aya ya mwisho akasita. Baba mdogo Ochoki alikuwa amekaza macho. Mokua alikuwa amesimama karibu na lundo la udongo, mikono mitupu. Nyamusi angeweza kuiacha aya ile, nani angemlaumu?

Akaisoma yote. Kisha akakunja karatasi na kuongeza jambo ambalo halikuandikwa popote.

"Baba akasema, mwambie mwanangu nilikuwa nikingoja simu yake."

Na Mokua, aliyejua vizuri kabisa dada yake alikuwa wapi saa ile, alilia kwa sauti mpaka wazee wakamshika mabega.