Miji ya Bibi Paskazia

Balozi Ngosha hakuwa mtu mbaya, ila alishazoea kuita watu. Alipita kwa Bibi Paskazia pale Igoma, akamwambia kesho asitoke, atakuja binti wa utafiti kumuuliza habari za mwanawe, marehemu Rose, na jina lake limeshaandikwa. Sasa jina likishaandikwa na balozi wa nyumba kumi, nani wa kusema hapana?

Toka hapo chakula kikamkwama. Jirani yake Dorotea, naye mfiwa, alikuwa ameulizwa wiki iliyopita, akamsimulia yote: maswali ishirini, mengi mepesi, lakini la kumi na saba linataka kujua nani alikuwa na mgonjwa alipokata roho. Dorotea alijibu, kisha akalia siku mbili. Na Bibi Paskazia yeye angesema nini? Siku ile Rose, aliyekuwa akikata minofu ya sangara kiwandani hadi ugonjwa ukamwangusha, alimwambia, mama nenda tu sokoni, leo nina nafuu. Akaenda na beseni lake la dagaa. Aliporudi alikuta wameshamfunika. Majirani walilijua hilo, lakini yeye kwa kinywa chake hajawahi kulitamka.

Binti akaja, Adventina jina lake, Mhaya mpole mwenye jalada la kijani. Akaamkia, akapewa kigoda. Balozi naye akavuta kiti, akakaa kabisa. Adventina akasoma karatasi ya ruhusa: unakubali kuulizwa? Ndiyo. Umeelewa kwamba unaweza kukataa? Ndiyo. Kila akiulizwa, ndiyo, na vidole vinachezea upindo wa kanga.

Adventina akaacha kusoma. Akamwomba balozi, kwa adabu zote, awapishe. Balozi akasema yeye hana shida, atasikiliza tu. Adventina akasema ndiyo maana anamwomba. Mzee akaondoka akigunaguna.

"Bibi," Adventina akasema, "ukiwa hutaki, utaniambiaje?"

"Mgeni umekaa kwangu, mwanangu, nikwambie sitaki? Nitakuwa mtu gani?"

Adventina akalifunga jalada. Wakanyamaza, na ukimya mbele ya mgeni ukamtia haya Bibi Paskazia. Akaujaza kama walivyozoea yeye na Rose wakibambua karanga.

"Kitendawili."

"Tega," Adventina akajibu, macho yakimtoka.

"Popote niendako ananifuata, nikiingia ndani anabaki nje."

Adventina akasema mbwa. Siyo. Akasema mtoto. Bibi akacheka, mtoto gani huyo anabaki nje wakati wa kula? Toa mji basi.

"Nakupa Kamachumu."

Bibi akaupokea kwa madaha yote. Akasema amekwenda Kamachumu, amekula ndizi hadi mkanda ukakatika, wamemwalika na harusini, amerudi, jibu ni kivuli. Adventina akacheka, kisha akamtazama.

"Bibi, na wewe fanya hivyo hivyo. Swali usilolitaka, nipe mji. Nitauchukua, nitapita."

"Lakini anayepewa mji ndiye anayetoa jibu."

"Mimi jibu sina. Nitachukua mji tu."

Bibi Paskazia akalipima jambo hilo. Halafu akasema haya, fungua jalada lako.

Wakaenda vizuri. Swali la nne Adventina akapewa Magu. La tisa, lile la ndugu waliogombea vyombo vya marehemu, akapewa Sengerema na kivuko chake. Mengine Bibi aliyajibu kirefu kuliko alivyoombwa, hasa la Rose alivyokuwa akipenda kuimba vibaya kanisani. Likafika la kumi na saba. Adventina akalisoma polepole.

Bibi akavuta pumzi. "Nakupa Mwanza nzima. Na ziwa lake."

Adventina akapiga mstari mmoja kwenye karatasi, akafungua ukurasa. Hakuinua hata nyusi. Bibi Paskazia akahisi mabega yanashuka, kama ametua beseni.

Alipomaliza, Adventina akasema kesho atarudi kwa Dorotea kumwomba radhi, maana yeye hakupewa nafasi ya kutoa mji, na kumuuliza kama kuna jibu analotaka lifutwe. Nje balozi alikuwa akingoja.

"Umejibu yote, bibi?"

"Nimegawa miji, balozi. Nyumba zako kumi nimekuachia."

Akamsindikiza mgeni hadi barabarani, na huko akamshika mkono.

"Jumapili uje kula. Bila jalada. Huenda nikakudai Mwanza yangu."

Akarudi ndani, akapakua ugali uliopoa, akaula wote.