Jiwe la Mama Madeleine

"Yaya, katika Nakivale nzima hakuna kaburi yenye inatunzwa sawa ya Mama," Ushindi alisema, masanduku ya wageni yakiwa bado mabegani mwake. "Bantu banatoka Juru mpaka Rubondo kuja kuiangalia. Hata nyuki banapita pale kusalimia kwanza, ndiyo banaenda kazini."

Mariette, huyo Yaya, yaani dada mkubwa, ambaye hakuwa ameuona uso wa ndugu yake tangu siku alipopanda ndege ya Kanada akiwa msichana, alicheka huku machozi yakimtoka. Akamgeukia mumewe. "Si nilikuambia? Huyu ndiye Ushindi. Hajabadilika hata kidogo."

Mumewe, Valentin, akacheka. Binti yao mdogo, Élyse, akacheka kwa sababu wakubwa wanacheka. Ushindi akacheka kuwashinda wote. Na kati ya hao wanne waliosimama mbele ya hoteli moja ya Mbarara, ni mmoja tu aliyejua kwamba kaburi la Mama Madeleine halipo. Yaani lipo, mtu hazikwi hewani. Ila lilipo, Mungu peke yake ndiye anayejua, na Ushindi hakuwa na namba yake ya simu.

Madeleine alikuwa mama mzazi wa Mariette na mama mdogo wa Ushindi. Ndiye aliyewatoa wote wawili Kivu ya Kusini wakati wa vita, mmoja mgongoni na mwingine akimburuta kwa mkono, akawafikisha Kabazana, pale wakimbizi wapya wa Nakivale wanapopokelewa, na baadaye akawajengea nyumba ya udongo kwenye kiwanja alichopewa. Miaka ikapita. Faili la baba mkubwa wa Mariette likakubaliwa Kanada, naye Mariette akaondoka na familia hiyo. Faili la Madeleine likabaki linangoja. Liliendelea kungoja hata baada ya mwenyewe kuacha, maana mwezi wa nane uliofuata malaria ilimchukua. Karatasi za Mariette zilikuwa bado hazimruhusu kusafiri, akamlilia mama yake kwenye simu. Ushindi ndiye aliyezika, kilimani, na msalaba wa vijiti viwili vilivyofungwa kwa kamba ya katani.

Halafu akaenda Mbarara kubeba mizigo sokoni. Aliporudi, mchwa walikuwa wameshakula msalaba, mvua imesawazisha udongo, na makaburi mapya yameota kila upande. Alizunguka kilima kizima na fimbo mkononi kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Wapi! Na ndiyo siku hiyohiyo Mariette alipopiga simu: "Nitumie picha, ndugu yangu. Nione tu fasi mama amelala."

Kulikuwa na kaburi moja pale lililopambwa kama bibi harusi. Mawe meupe pembeni, maua mekundu, msalaba wa mti ulionyooka, hauna jina. Ushindi akachuchumaa, akapiga.

Picha ya kwanza ilikuwa ya kumpunguzia dada machungu. Ya pili ilikuwa kwa sababu kulikuwa na ya kwanza. Baada ya hapo kila mwezi wa nane alipanda kilima kama mtu anayekwenda kazini.

Sasa dada mwenyewe alikuwa amekuja, na hakuja peke yake. Valentin ni Mrundi aliyezaliwa kambini Tanzania, wakakutana na Mariette huko kwenye barafu. Siku zote mkewe alimwambia, "Kwetu ni Nakivale," hata watu wa Kanada wakawa wanaitafuta kwenye ramani wakidhani ni nchi. Leo mume ameletwa kuona kwao kwa mke. Ndugu wa kutembelewa walikuwa ni Ushindi basi. Wengine walishatawanyika duniani.

Likizo yao ilikuwa fupi, na Ushindi akaona humo ndimo mwa kuponea. Akiwazungusha vya kutosha, ndege itawachukua kabla kilima hakijawaona.

Akaanza na sanamu ya ng'ombe mwenye pembe ndefu. "Shemeji, angalia! Hii ndiyo baba mukwe wa Ankole nzima. Hata mahari inapita kwake kwanza."

Élyse aliitazama, akatazama na lori lililokuwa likipita limejaa ng'ombe wenye pembe zilezile. "Mjomba, kwa nini wamejenga ng'ombe na ng'ombe wako wengi hivi?"

Ushindi, ambaye ulimi wake ungekuwa trekta ungelima wilaya nzima ya Isingiro kabla ya mvua, alimnunulia soda.

Akawapeleka upande wa Makenke, kwenye kambi ya jeshi. Valentin akatoa simu apige picha geti, na askari akamfokea kutoka ng'ambo ya barabara: "Wewe! Picha hapana! Weka simu mufuko, ama mimi naweka wewe!" Wote wakakimbia huku wakicheka. Ushindi alicheka, lakini moyoni akatamani kilimani nako angewekwa askari kama yule, miaka ile ya kwanza.

Akawapeleka ziwani wakaone viboko. Akawapeleka kula nyama. Kila Mariette alipouliza kilima, kilima kilikuwa na kasoro mpya. Leo njia ina matope mingi. Leo kuna mazishi ya watu wengine, tutawasumbua. Leo kuna nyoka.

"Nyoka gani?" Valentin aliuliza.

"Shemeji, usiulize jina yake. Anaweza kusikia."

Jioni hiyo, mezani, Mariette aliweka kijiko chini. "Ushindi, unanizungusha."

"Mimi, Yaya?"

"Sikuvuka bahari kuona ng'ombe ya simenti. Nilimuacha mama yangu amesimama barabarani, ananipungia kitenge, na tangu siku ile sijamuaga. Kesho nanunua jiwe. Kesho kutwa, baada ya ibada, tunapanda kilima. Nyoka akitaka, aje tuimbe naye."

Fundi wa mawe aliitwa Rugamba. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara, vumbi jeupe tupu, na mwenyewe mweupe kama maiti aliyefufuka kuja kudai kazi yake. Ushindi alijaribu bahati ya mwisho.

"Yaya, jiwe bataiba. Kule bantu banaiba hata kivuli."

"Jiwe lenye jina la mtu, mwizi ataliuza kwa nani?" Mariette alisema. "Atamtafuta Madeleine mwingine?"

Rugamba akacheka mpaka vumbi likamdondoka kwenye nyusi. "Nyabo huyu, mama huyu, naongea kweli. Lete picha, mimi naona kipimo."

Mariette akafungua simu, akampitishia picha zote, mwaka kwa mwaka, mawe meupe, maua mekundu. Fundi akazitazama kwa heshima. "Huyu natunza kaburi, huyu ni mutoto ya kweli," akasema, akamtazama Ushindi. "Wengine hapa nazika mzazi leo, kesho nasahau. Sasa, jina iko namna gani? Sema polepole, ssebo, bwana. Kwa jiwe hakuna kufuta."

Mariette alikuwa amegeuka kupangusa macho. Kwa hiyo ni Ushindi aliyelitamka jina, herufi baada ya herufi, na Rugamba akaliandika kwa chaki kabla ya kushika patasi.

Jumapili waliondoka na gari la kukodi, jiwe limefunikwa blanketi kwenye buti kama mgonjwa. Kaberebere wakanunua ndizi mbivu. Kuanzia hapo Mariette alikaa ukingoni mwa kiti, akimwonyesha Élyse kila kona. Pale tulichota maji. Pale nilianguka na kuni. Pale kulikuwa na kanisa la turubai. Élyse alitazama kila alipoonyeshwa, akaona nyasi, akaitikia "ndiyo, Mama" kwa adabu.

Kwenye kiwanja chao cha zamani kulikuwa na nyumba nyingine, imegeukia upande mwingine. Mwanamke mmoja, Mukandayisenga, alitoka akawapa maji ya kunywa na kiti kimoja. Alikuwa mpole. Hakumjua Madeleine. Alipofika yeye, alisema, hapa palikuwa na majani tu na kipande cha ukuta.

"Na Mama Orpa, jirani?" Mariette akauliza.

"Bamemupeleka Amerika."

"Na mzee Constantin? Familia ya Prince?"

"Hao sibajui, mama. Hapa watu wanapita."

Mariette alirudisha kikombe, akashukuru. Ndani ya gari akamshika mumewe mkono. "Nilikuahidi kwetu," akasema. "Basi kwetu limebaki kaburi."

Ushindi alikaa mbele na dereva. Akawa anahesabu kona zilizobaki mpaka kilimani.

Kaburi la picha lilikuwa palepale kilimani, limepaliliwa juzijuzi tu, maua yamechanua. Mariette hakuhitaji kuonyeshwa. Alilijua kutoka kwenye picha, akalikimbilia kama mtu anayemwona mwenyeji wake stendi, akapiga magoti.

"Mama, ni mimi Mariette. Nimechelewa. Nimekuletea mukwe wako, huyu hapa, Valentin. Na huyu ni Élyse. Ana meno yako, Mama, ona. Élyse, msalimie bibi."

"Shikamoo, Bibi," Élyse akaliambia kaburi la mtu asiyemjua.

Ushindi aligeuza uso akatazama kilima. Vituta, magugu, misalaba iliyolala. Mahali fulani humo, pengine mbali, pengine chini ya viatu vyao hasa, mwanamke aliyembeba mgongoni kutoka vitani alikuwa akimsikia binti yake akimsalimia mtu mwingine. Akafikiri: aseme sasa. Akafikiri tena: akisema silo hili, dada atauliza ni lipi, naye atanyoosha mkono aonyeshe wapi? Kilima chote? Huyu aliyekuja na jiwe lenye jina, amwambie alitupe hewani, litakapoangukia ndipo mama alipo? Ukweli wake haukuwa na kaburi la kumpa dada. Uongo ulikuwa nalo, tena lina maua.

"Ushindi," Mariette akasema taratibu, "toa huo msalaba wa mti. Jiwe likae pale."

Akautoa. Ulikuwa umechimbiwa vizuri na haukutaka kutoka. Ilibidi autikise huku na huku kama jino. Akaulaza kwenye nyasi. Valentin akachanganya simenti na mchanga, wakalibeba jiwe wawili, wakalisimamisha, na Ushindi mwenyewe, kwa vidole vyake, akalainisha simenti kuzunguka jina la mama yake mdogo.

Mariette alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini mzee alipotokea upande wa mashamba, jembe begani, kidumu cha maji mkononi, rozari shingoni. Alisimama kwanza. Halafu akasogea.

"Amahoro," akasalimu.

Valentin akaruka kwa furaha. Ni nani angetegemea kusikia salamu ya baba yake mahali kama hapa? Akamjibu kwa Kirundi, akampa mikono miwili, wakaanza kuongea haraka. Ushindi hakukijua Kirundi. Alisikia jina moja, Pontien, mzee akijigusa kifua. Akasikia jina la pili, Gaudiose, mzee akielekeza mkono chini. Jina hilo likarudiwa, na kila liliporudiwa tabasamu la Valentin lilipungua, mpaka likaisha.

Mzee alilitazama jiwe, simenti yake bado mbichi. Akautazama msalaba kwenye nyasi. Akavua kofia. Hakupiga kelele.

"Anasema nini?" Mariette akauliza, amenyanyua uso, anang'aa. "Alimjua Mama?"

Valentin akamtazama Ushindi.

"Yaya," Ushindi akadakia, na ulimi wake, maskini, ukaamka kwa mazoea, "huyu mzee akili yake ilichoka. Bote banamujua. Anaona makaburi yote ni ya kwake. Mzee, aksanti, nenda tu pole pole..."

"Kiswahili nasikia, kijana," mzee Pontien akasema.

Kidumu akakiweka chini, kwa uangalifu, kisimwage. Halafu akamgeukia Mariette kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kuingia nyumba ya watu bila hodi.

"Mama, pole. Huyu aliyelala hapa ni mke wangu Gaudiose. Na huyu kijana mimi namujua. Kila mwezi wa nane anakuja na simu, anapiga picha, anaenda. Mimi niko pale chini kwenye maharage, namuona. Sikumuuliza kitu. Nilizani ni mtu wa shirika." Akainama, akauokota msalaba wake, akaufuta udongo kwa kofia. "Nikasema, basi kuna mtu mwingine anamukumbuka. Ndiyo nikawa napalilia mapema, ili picha itoke muzuri."