Taya la Orrin

Mume wangu Orrin hata angeangukiwa na trekta, ukimuuliza hali atakujibu, "Si mbaya sana." Ndivyo tulivyolelewa hapa Fossdal, katika jimbo la Minnesota, Marekani, na mimi Marlys, Mminnesota wa kuzaliwa, sina haki ya kumcheka. Lakini mwaka ule alitaka kunitia wazimu.

Tangu Februari taya lake lilikuwa likikwama. Akifungua kinywa kula, linalia ko, halafu halisogei. Mkate nilimkatia vipande vidogo, na tarumbeta yake ikabaki sandukuni juu ya kabati. Hilo la tarumbeta ndilo lililoniuma. Binti yetu Annika alikuwa anaolewa Septemba, na katika ukoo wetu wa Lindquist bibi harusi haingii kwenye dansi mpaka baba yake apige tarumbeta mbele ya wageni.

"Baba asipopiga, siingii ukumbini," Annika alisema. "Nitakaa nje na gauni langu mpaka asubuhi."

Daktari alisema taya litapona: kifaa cha kulala nacho mdomoni, na miezi mitatu ya mazoezi kwa mtaalamu wa viungo. Sisi wenyewe tusingeweza kulipia. Bima ya afya ikajibu kwamba taya ni mambo ya meno. Bima ya meno ikajibu kwamba taya ni mfupa. Nilizipiga barua zote mbili kofi pale mezani.

Daktari huyo huyo ndiye aliyenidokeza kwamba sheria ya jimbo letu inaitaka bima ya afya ilipie kiungo cha taya sawa na viungo vingine vya mwili. Niliinakili ile sheria kwa mkono, neno kwa neno, nikaituma. Zikapita wiki tatu, kimya.

Mwisho wa Mei tulikuwa tunakunywa kahawa. Nikamsogezea kipande cha mwisho cha keki.

"Aa, nimeshiba," akasema.

"Kula bwana."

"Wewe je? Kula wewe."

"Orrin, kula!"

"Haya, maadam hakuna anayekitaka." Akaanza kukimega kidogo kidogo, halafu akasema, "Wale watu wa bima walipiga simu."

"Lini?"

"Jumatatu. Na jana tena. Wanasema barua yako imewafika, sheria wameiona, watalipia kila kitu."

Nikaruka kitini. "Na wewe ukasemaje?"

"Nikawaambia asante, wasijisumbue."

"Mara zote mbili?"

"Sasa Marlys, ningekubalije haraka hivyo? Wangenionaje?"

Jamani! Nilimwita majina ambayo kanisani siwezi kuyarudia. Kisha nikachukua simu, nikawapigia bima mwenyewe. Akapokea mwanamke aitwaye LaVonne. Sikumaliza hata kuomba radhi, akaangua kicheko.

"Mama, tulia. Faili sijalifunga. Mimi nimekulia shambani huko huko kwenu, na baba yangu ni hivyo hivyo. Bosi wangu si mtu wa huku, ananiuliza, mtu kakataa mara mbili, unangoja nini? Nikamwambia, watu wa kwetu hukataa mara mbili kwa adabu, na bado sijamuuliza mara ya tatu. Hebu nipe mzee."

Orrin alijipangusa makombo, akasimama wima kabla ya kushika simu. Masikio yalimwiva kwa haya.

"Ndiyo, dada," akasema. "Ndiyo... Haya basi, kama si usumbufu."

Nikacheka huku nalia.

Kuanzia hapo kila asubuhi alisimama mbele ya kioo akipima kinywa kwa vidole. Juni kiliingia kimoja, Julai viwili. Agosti, mahindi yalipokomaa, aling'ata hindi zima mbele yangu, siagi ikimchuruzika kidevuni, nami nikasahau la kwangu likapoa. Siku hiyo tarumbeta ilishuka kutoka kabatini.

LaVonne nilimwalika harusini. "Aa, hapana, nitawabana," akasema. Nikampigia tena. "Hiyo si ni shughuli ya familia?" Nikampigia mara ya tatu, na siku ya harusi alifika mapema kuliko shangazi zetu wote, na sahani ya keki mkononi.

Annika alisimama mlangoni. Orrin akainua tarumbeta. Mlio wa kwanza ulitetemeka, nikauma leso. Wa pili ukatoka safi, ukajaza ukumbi, na mtoto wangu akaingia mbio badala ya kutembea. Tukamfuata wawili wawili, LaVonne kashikana mkono na mjomba wa Orrin, na Orrin akapiga mpaka mtu wa mwisho akaingia.

Alipoishusha nilimkimbilia. "Taya vipi?"

Alilishika, akalifungua, akalifunga.

"Zuri, Marlys," akasema. "Zuri kabisa."

Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, na hilo sikuwahi kulisikia.