Flash ya Téra Moja

Kakule hakupenda kupimwa, na zaidi ya yote hakupenda kupimwa na mdogo wake. Alikuwa na depo yake ya bidhaa Lubumbashi miaka kumi na mmoja, wateja walimwita patron, yaani bosi, halafu Perpétue, aliyekimbia Goma na kufika juzi tu kwa njia ya mpaka wa Sakania na begi moja mgongoni, anamwomba flash moja kutoka kwenye katoni ya kuuza eti ajaribu kama kweli inaingiza téra nzima, giga elfu moja. Alisema watu waliokimbia vita wanazinunua kuweka diploma zao, na hawana pengine pa kuziweka.

Basi Kakule akamwonyesha namna yeye anavyojaribu. Alitumbukiza flash kwenye ndoo ya maji, akaikanyaga kwa kiatu, akaifuta kwa shati, akaichomeka kwenye kompyuta. Namba ikatokea: téra moja. Akaweka wimbo mmoja wa kwaya, ukaimba vizuri. Wateja wakifika hapo huwa wanacheka na kununua. Perpétue hakucheka. Huko Goma alikuwa akinakili video za harusi kwenye studio, na alijibu kwa upole kwamba ganda ni gumu kweli, lakini si ganda linalohifadhi.

Ingekuwa siku nyingine, Kakule angemfukuza kwa mzaha. Lakini flash moja ya katoni hiyo hiyo ilikuwa mfukoni mwake, na ndani yake kulikuwa na sauti ya mama yao.

Vita vilipofika Goma, Mama Victorine alikuwa mgonjwa kitandani. Uwanja wa ndege ulifungwa, barabara zikafungwa, na Kakule akabaki Lubumbashi akisema wiki ijayo, wiki ijayo. Kisha ikaingia sauti ya mama kwenye simu yake, dakika nne, na kesho yake mama akafa. Katika familia yao, neno la mwisho la mzazi husikilizwa siku ya kuondoa matanga, watoto wote wakiwa wamekaa pamoja, na hakuna anayetangulia. Kakule aliishukuru desturi hiyo, kwa sababu, tuseme ukweli, aliogopa. Aliogopa kumsikia mama akiuliza mbona hakuja. Simu ilipojaa alihamisha picha zote na video zote za familia, na sauti ile mwishoni kabisa. Alipoona jina la sauti hiyo limetokea kwenye flash, akafuta kila kitu simuni. Matanga yalikuwa yaondolewe Jumapili.

Safari hii Kakule akamwachia mdogo wake flash moja ya katoni, na Perpétue akaweka programu ndogo inayoijaza flash mpaka mdomoni, kisha inasoma tena kila ilichokiandika. Mwanzo ilikimbia, baada ya saa moja ikaanza kukokota miguu. Umeme ulikatika mara mbili, wakaanza upya na jenereta. Kakule alijifanya ana kazi na magunia, lakini kila mara alijikuta amesimama nyuma ya kiti cha mdogo wake. Jibu lilitoka siku ya pili, saa nane mchana: giga ishirini na tisa za kwanza zilikuwa nzima, zilizobaki zote takataka.

"Yaya, hii inadanganya," Perpétue alimwambia kaka yake. "Inaandika jina, kitu chenyewe inakitupa."

Kakule alitoa ile ya mfukoni. Picha za ubatizo zilifunguka, harusi yake ikafunguka. Sauti ya mama ilikuwa na jina na tarehe, na walipoibonyeza haikutoa kitu. Waliipeleka kwa Yassine, fundi wa mlango wa pili, naye akatikisa kichwa. Kakule alirudi akakaa juu ya katoni, mtu mzima na kitambi chake, akalia bila kujificha. Mteja aliingia kuulizia flash. Perpétue akamwambia zimekwisha.

Kakule alipopata pumzi aliuliza simu iliyotuma sauti iko wapi. Ilikuwa simu ya Perpétue, na wenye bunduki walimnyang'anya njiani.

"Basi ni wewe ulimushikia mama simu," alisema. "Uliyasikia maneno yake."

Perpétue alisema atayasema Jumapili, mbele ya wote, ndivyo inavyotakiwa. Kakule akamwomba. Mkubwa alimwomba mdogo, na hilo lilimvunja Perpétue kuliko machozi.

"Alisema: mwambieni Kakule asikuye huku Goma. Njia iko mubaya. Akikufa naye, nani atachunga batoto?"

"Dakika ine zote, ni ile tu?"

"Ingine alikuwa anakohoa."

Kakule alimtazama usoni kwa muda mrefu. Tangu utotoni Perpétue ndiye aliyekuwa akimfichia makosa yake, na uso wake wa kusema kweli na ule wa kumhurumia kaka yake vilikuwa kitu kimoja, hata yeye hakuweza kuvitenganisha. Aliitikia kwa kichwa. Angetoa depo nzima asikie kikohozi hicho.