Moshi Aliouacha Baba

Jamani, mie nimeshakwenda kuposa kwa watu wakali, lakini Bi Mahfudha wa Chang'ombe ni kiboko. Jumamosi asubuhi nilikwenda na kaka yangu Awadh kumposea mwanawe Walid, ambaye tangu ampende Nawal, mjukuu wa bibi huyo, chakula hakimpiti kooni. Tukaketi, tukatoa salamu zote. Bibi hakuigusa hata barua ya posa.

"Nyie si ndio wenye kiwanda cha sabuni?"

"Ndio, Bibi," Awadh akajibu kwa fahari. Mjinga wee!

"Tangu mwaka sabini na sita mnachoma mafuta mazito. Shuka naanika nyeupe, naanua nyeusi. Hilo nimesamehe, masizi yanaoshwa. Lakini Nawal anafundisha jiografia, kanieleza kuna moshi mwingine hauonekani, unakaa huko juu miaka na miaka, ndio unaotupika kwa joto hili. Huo nani atauosha?"

Awadh akakohoa. "Boila ile ya kuchemshia sabuni aliiwasha marehemu baba. Mie mwaka juzi nimeweka gesi. Halafu Bibi, hata wewe unapikia mkaa!"

Yarabi, nilitamani ardhi inimeze.

"Mie nimepika wali wa watu sita. Nyie mmepika sabuni ya nchi nzima. Kiwanda umerithi, nyumba umerithi. Moshi baba yako kamwachia nani?"

Mie nikaona aibu ya kweli, maana nilisomeshwa na kiwanda hichohicho. Nikaropoka, "Katuachia sie, Bibi. Ni wetu."

Uso wake ukalegea. "Basi wekeni sola kwenye paa la kiwanda, na kila mwaka mpande miti mtaani na kuitunza."

"Kwa miaka mingapi?" Awadh jasho linamtoka.

"Mlichoma mingapi?"

"Arobaini na minane."

"Hiyohiyo."

"Si nitakuwa nimeshakufa!"

"Walid je?"

Nikampigia, nikaweka spika. "Nakubali!" akapiga kelele kabla sijasema neno.

"Sikiliza kwanza, kichaa wee!" Nikamweleza yote, mpaka hiyo miaka. Akikataa, hakuna ndoa.

"Shangazi," akasema taratibu, "nitaanza mie, wanangu watamalizia."

"Wanawe hao ni vitukuu wangu," Bibi akasema. "Basi na mie nimo. Tutapanda wote."

Kigelegele kikalia chumbani. Alikuwa Nawal mwenyewe, hakungoja wakubwa.